Kiwanja Pembezoni, Nyumba Uswahilini au Fleti: Akiba Moja, Njia Tatu Dar es Salaam

Mdogo wangu alikuja kwangu Jumapili moja na mkewe, wakatandaza karatasi tatu mezani. Ya kwanza ni ramani ya kiwanja cha Buyuni, kule Chanika, mita ishirini kwa ishirini, kimepimwa na bikoni, yale mawe ya mipaka, zipo. Ya pili ilikuwa ukurasa tu uliochanwa kwenye daftari, una namba ya dalali na maneno "Tandale, vyumba vinne, uwani, umeme upo". Ya tatu ni kipeperushi cha rangi chenye jengo refu, na watoto wanabembea juu ya nyasi za kijani ambazo mimi Dar es Salaam sijawahi kuziona mwezi wa Januari.

"Shemeji, akiba ni moja," mkewe akaniambia. "Tukikosea hatuna nyingine."

Tulikaa mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Ninayoandika hapa ndiyo tuliyozungumza siku ile, isipokuwa kule tulirukaruka na hapa nimejitahidi kuyapanga. Hatukupata mshindi, na ukisoma ukitafuta mshindi utachoka bure. Utakachopata ni namna ya kuzipima hizo tatu kwa mizani moja.

Mizani yenyewe

Watu wengi huanza na bei. Mimi nimewaomba waiweke bei pembeni kwanza, kwa sababu bei unailipa mara moja, ilhali mahali unapalipia kila siku asubuhi na jioni. Tukakubaliana maswali matano. Itagharimu kiasi gani kuishi pale kwa mwaka, na si kununua tu? Utafikaje pale, kwa miguu, kwa gari, na kwa mtu ambaye miguu yake haimbebi tena? Karatasi yako itasimama mbele ya benki au mahakama? Mvua ikinyesha, maji yanaingia wapi na choo kinakwenda wapi? Na la tano, ambalo wauza viwanja hawaliulizi kamwe: pale utakula nini, na ukifiwa nani atakuja?

Njia tatu kwa ufupi

Kiwanja kilichopimwa pembezoni mwa jiji wengi tunakijua kupitia ule mradi wa viwanja 20,000 ambao Wizara ya Ardhi iliuanza mwaka 2002: Kibada, Toangoma, Mwanagati, Buyuni, Mivumoni, Bunju, Mbweni. Tangu hapo zimeingia kampuni nyingi zinazonunua mashamba, zinayapima na kuyauza vipande kwa malipo ya awamu.

Nyumba uswahilini ni Tandale, Manzese, Keko, Buguruni, Vingunguti na kwingineko ambako watu walijenga kwanza na barabara ikapita pale ilipobakishiwa nafasi. Usidhani maeneo haya yote yametelekezwa. Manzese iliboreshwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Hanna Nassif kule Kinondoni wakazi wenyewe walichimba na kujenga mitaro yao miaka ya 1990. Mengi kati ya maeneo haya sasa yamo kwenye urasimishaji, yaani kupimwa na kupewa hati wakati nyumba zimeshasimama.

Fleti ni makazi yako ndani ya jengo la wengi. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, ndilo jina la kwanza linalomjia mtu, lakini wajenzi binafsi nao wamejaa. Mfano ninaoupenda ni Magomeni Kota. Zilikuwa nyumba za zamani za chini, wakazi wakaondolewa, na mwaka 2022 kaya 644 zikarudishwa palepale, safari hii juu ya ghorofa. Hawakupelekwa Chanika. Walirudi Magomeni, na Barabara ya Morogoro bado iko jirani.

Gharama ya kuishi pale

Tuchukue kalamu. Tuseme nauli ya daladala ni shilingi 600, unapanda mbili kwenda na mbili kurudi: 2,400. Ongeza bodaboda ya 1,000 kutoka kituoni mpaka kwako, asubuhi na jioni: 4,400 kwa siku. Siku 24 za kazi zinakupa 105,600. Mkiwa wawili mnaofanya kazi mjini ni 211,200 kwa mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya milioni mbili na nusu. Badilisha tarakimu uweke za njia yako, lakini fanya hiyo hesabu kabla hujamlipa mtu. Mdogo wangu alipoifanya alinyamaza muda mrefu kidogo.

Kiwanja cha pembezoni kina bei ya kuvutia, na uzuri wake mkubwa ni kwamba unajenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwakani tofali, ukipata kitu unapaua. Kwa mwenye biashara ndogo isiyo na mshahara wa mwezi huo ndio mkopo pekee anaoweza kujikopesha. Tatizo ni muda. Kwa miaka yote hiyo pagala linapigwa na mvua, wewe bado unalipa kodi ya chumba mjini, na mlinzi wa tofali naye anataka kula. Kisha kuna nguzo za umeme ambazo hazijafika, kisima, na kifusi cha kujaza njia ili lori la mchanga lipite.

Uswahilini unanunua kitu kilichosimama. Kwa kila hatua ya mguu ardhi ni ghali kuliko Buyuni, ila unahamia kesho yake. Na kama ni nyumba ya Kiswahili kamili, yenye korido katikati na vyumba pande mbili, unaweza kulala viwili na kupangisha viwili. Hiyo kodi ya vyumba imesomesha watoto wengi katika jiji hili. Gharama zinazojificha ni maji ya kununua kwa ndoo bomba likikatika, choo kinachojaa, na ukarabati wa kuta zilizojengwa na fundi ambaye alishafariki na hakuacha ramani.

Fleti haijengwi kidogo kidogo. Tofali la fleti halinunuliwi moja moja. Unalipa taslimu, au mkopo wa nyumba wa miaka mingi, na benki inataka kuona mshahara unaoingia kwa tarehe inayojulikana. Mama ntilie anayepata pesa nyingi kuliko karani hatapewa fomu. Juu ya hapo kuna ada ya huduma kila mwezi: mlinzi, pampu, taa za ngazi, lifti, usafi. Unalipa hata ukisafiri. Upande wa pili, ukiwa Magomeni au Upanga nauli yako inapungua sana, na wapo wanaotembea kwa miguu mpaka kazini.

Kodi ya jengo haitofautishi sana kati yao. Tangu mwaka 2021 inakatwa ndani ya luku popote ulipo.

Kufika, na kufika kwa kila mtu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu hukosea bila kujua.

Shangazi yetu anatumia kiti cha magurudumu tangu alipopata kiharusi. Sikukuu moja tulimpeleka kwa binti yake anayeishi Tandale. Bajaji ilituacha barabarani kwa sababu uchochoro haupitishi bajaji. Ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta za nyumba mbili. Hatua kama 40 tulikwenda vizuri. Kisha tukakuta mtaro umefunikwa na bamba la zege lililopasuka katikati, na gurudumu la mbele likazama kwenye ufa. Vijana wawili waliokuwa wanacheza bao wakasimama bila kuitwa, wakamnyanyua shangazi na kiti chake, wakamvusha, wakarudi kwenye bao lao. Wakati wa kurudi, hadithi ikawa ileile. Shangazi alicheka akasema amebebwa kama bibi harusi, lakini tangu siku ile hajaomba tena kwenda.

Uchochoro una shida hiyo, na una neema yake. Kutoka nyumba ile ni dakika nane mpaka sokoni, kumi mpaka zahanati, na shule watoto wanakwenda wenyewe. Wataalamu wa mipango miji duniani wanahubiri mji wa kutembea kwa miguu. Tandale wanatembea siku zote, na hawakuhitaji semina. Kwa mtu mwenye viungo vizima, uswahilini ndiko mji ulipo karibu kuliko popote. Kwa mwenye kiti, fimbo au macho yasiyoona, mita 100 za mwisho zinafuta ukaribu wote ule.

Pembezoni kinyume chake ni kweli. Kwenye ramani barabara ni pana, zimenyooka, gari la zimamoto linapita na gari la wagonjwa linageuza. Hilo ndilo jambo ambalo upimaji unalifanya na hakuna kingine kinachoweza: kuacha nafasi kabla watu hawajaijaza. Barabara ambayo haikuachwa leo, kesho inapatikana kwa kuvunja nyumba na kulipa fidia. Ila upana si lami. Buyuni tulipokwenda, njia ya mita nyingi ilikuwa mchanga mtupu, na mchanga kwa kiti cha magurudumu ni mbaya kuliko uchochoro, kwa sababu hakuna ukuta wa kushika wala vijana wa kucheza bao. Na bodaboda haibebi kiti. Mtu mwenye ulemavu akiwa mbali na kituo anategemea gari la kukodi kila anapotoka, kwenda na kurudi.

Fleti yenye lifti inayofanya kazi ndiyo rahisi kwa shangazi, na nasema wazi. Lakini uliza mambo matatu. Lifti inasimama umeme ukikatika, au kuna jenereta? Kutoka getini mpaka kwenye lifti kuna ngazi ngapi? Niliwahi kuona jengo jipya lenye lifti nzuri na ngazi tano za marumaru mbele yake, kana kwamba mchora ramani alikumbuka wagonjwa akawasahau dakika ya mwisho. Na mlango wa bafuni, upana wake na kizingiti chake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Sheria ipo, ngazi nazo zipo.

Kuhusu usafiri wa jiji, chora mstari wa mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao, kwenye ramani yako kabla ya kitu kingine chochote. Awamu ya kwanza ilianza kazi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco, jumla kama kilomita 21. Watu wanalalamikia msongamano na kusubiri, na wana haki. Hata hivyo vituo vyake vina njia ya mteremko na sakafu ya kituo inalingana na ya basi, kwa hiyo mwenye kiti anaingia bila kubebwa. Daladala haiwezi hivyo. Nyumba iliyo umbali wa kutembea kutoka kituo cha mwendokasi, iwe fleti au kibanda, ina thamani ambayo haijaandikwa kwenye bei yake.

Karatasi

Kiwanja kilichopimwa ndicho chenye nguvu hapa. Hati ya miaka 33, 66 au 99 inaingia benki, inarithiwa, inauzwa. Ila ina masharti: kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na kwa kawaida unatakiwa uendeleze ndani ya miezi 36. Wengi wanaonunua "kwa ajili ya watoto" hawajausoma mstari huo. Na neno "kimepimwa" linatumiwa vibaya sana. Kuwa na bikoni si kuwa na hati, na kuwa na ramani ya kampuni si kuwa na ramani iliyoidhinishwa. Nenda ofisi ya ardhi, fanya upekuzi rasmi, uone jina la mwenye kiwanja limeandikwa vipi na kama kuna mkopo juu yake. Kalipe ada hiyo ndogo hata kama muuzaji ni mjomba wako.

Uswahilini karatasi ya kawaida ni mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya serikali ya mtaa na mashahidi. Mtaani unaheshimika kabisa. Majirani wanajua mpaka ni mwembe ule. Benki ndiyo haiutambui sana. Ipo leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi na huhuishwa, na upo urasimishaji. Mtaani kwetu tulichanga 150,000 kila kiwanja, kampuni ikaja ikapima, ikapanda bikoni, kisha simu zao zikaanza kuita bila kupokelewa. Bikoni watoto wanakalia. Mtaa wa pili walifanya vilevile na kampuni nyingine, na hati zao wanazo. Kwa hiyo siwezi kusema urasimishaji ni uongo. Naweza kusema usinunue nyumba kwa bei ya hati ambayo haijatoka.

Fleti ina sheria yake, ya umiliki wa sehemu za jengo, ya mwaka 2008. Inakuruhusu kuwa na hati ya fleti yako ghorofa ya nne, na kuwa mmiliki mwenza wa ngazi, paa na uwanja. Swali ni kama jengo hilo limesajiliwa kwa sehemu hizo. Kama bado, ulichonacho ni mkataba na mjenzi, na mjenzi akifilisika utamkimbilia nani? Ulizia pia chama cha wamiliki: kimekaa lini mara ya mwisho, na ada zinasomwa mbele ya nani.

Maji, choo na mvua

Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilijaa, Jangwani ikawa ziwa, watu wakafa. Serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde hilo, na walio kwenye njia ya maji wamekuwa wakilipwa fidia waondoke. Kwa hiyo ukiambiwa nyumba ya bei rahisi karibu na mto, jua unanunua nini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisifanyiwe shughuli za kudumu, na nyumba ya bondeni haitapata hati hata ukichanga mara tano.

Lakini uswahilini si bondeni kote. Mtaa mmoja, nyumba za juu zinakaa kavu miaka 40, na za chini zinatoa magodoro nje kila masika. Angalia alama ya maji ukutani. Ikiwa ukuta umepakwa rangi mpya kuanzia kiunoni kwenda chini tu, muulize jirani, si dalali. Choo ndio kidonda kikubwa zaidi. Shimo likijaa na gari la maji taka halipiti uchochoroni, wapo wanaosubiri mvua kubwa usiku na kutapisha, yaani kuachia uchafu wa shimo uende na maji ya mvua; asubuhi mtaa mzima unakanyaga. Kabla ya kununua hakikisha gari linaweza kusimama wapi na bomba lake linafika.

Pembezoni, tatizo ni lingine. Viwanja vya ishirini kwa ishirini, kila kimoja na shimo lake na kisima chake: hesabu mwenyewe umbali kati ya kisima chako na shimo la jirani, kwa sababu jirani hatakuhesabia. Upimaji mzuri unaacha mkondo wa maji, na upimaji mbaya unauza mkondo huo kama kiwanja namba 47. Miti ya korosho na minazi iliyokuwa inashika udongo imekwenda, na mvua ya kwanza inabeba mchanga mpaka barazani kwako. Hapa nina la kusema kama mtu anayependa jiji hili: sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu 4,364,541 na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kama kila kaya ya wale milioni walioongezeka itataka mita za mraba 400 zake, tutakata mashamba mpaka tukutane na Kibaha na Kisarawe, na kila mmoja wetu atakuwa kwenye foleni.

Fleti ndiyo inayobana ardhi kuliko zote, na watu wengi wanatumia bomba moja na barabara moja. Kwa jiji hilo ni jema. Kwako wewe, maji yanategemea pampu na tanki, na maji taka yanategemea kama jengo limeunganishwa na mfumo wa jiji, ambao unafika sehemu ndogo tu, au lina shimo kubwa linalonyonywa. Omba kuliona shimo. Wauzaji wanakuonyesha jiko tu.

Riziki na watu

Wale waliohamishiwa Mabwepande walipewa viwanja vikubwa kuliko walivyoacha, na hewa safi. Wapo waliokaa na leo wana nyumba za maana. Wapo pia waliouza na kurudi mjini, kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo, na hakuna mtu anayesukuma mkokoteni kutoka Mabwepande. Kila nikisikia mtu anasema maskini hawataki kupangiwa namkumbusha hilo.

Uswahilini baraza ni duka. Maandazi asubuhi, mkaa mchana, chips jioni, na mteja anapita mlangoni. Ukiumwa usiku jirani anasikia kikohozi chako, jambo ambalo ni baya siku nyingine zote. Fleti ina ukimya, na watoto wana geti. Lakini ulizia kanuni: jiko la mkaa kwenye roshani, kuuza barafu mlangoni, kufuga kuku, na msiba. Nauliza msiba kwa makusudi. Turubai litafungwa wapi, na watu 200 watapikiwa wapi? Majengo mengine yana uwanja wa kufaa, mengine yana maegesho ya magari na mlinzi mwenye orodha ya makatazo.

Pembezoni una nafasi ya kuku, ya mchicha, na ya fremu mbili mbele ambazo siku moja zitapata wapangaji. Sinza ilikuwa hivyo. Miaka ya 1970 vilikuwa viwanja vilivyopimwa, vikawekewa barabara na maji ya msingi, na watu wakaachiwa wajenge wenyewe. Leo fremu ya Sinza huipati bila kugombana. Anayekuuzia Buyuni atakuambia "hii ni Sinza ya kesho". Huenda ikawa. Ila Sinza haikuwa mbali na mjini hata siku ile, na huduma ziliwekwa mapema. Muulize muuzaji zahanati iko wapi leo, kwa mguu.

Nani panamfaa wapi

Kiwanja pembezoni kinamfaa mwenye muda kuliko fedha: kijana mwenye kipato cha kubahatisha lakini kisichokauka, anayefanya kazi upande huohuo wa jiji, asiye na mgonjwa wa kupeleka kliniki kila wiki. Kinamfaa pia mstaafu anayetaka kuku na usingizi, ilimradi gari lipo au barabara kubwa iko karibu.

Nyumba uswahilini inamfaa anayekula kutokana na mji wenyewe: mchuuzi wa Kariakoo, fundi, muuguzi wa zamu za usiku, mama anayepika. Inamfaa anayehitaji chumba cha kupangisha ili alipe ada. Haimfai sana anayetaka kukopa benki kwa dhamana ya nyumba hiyo mwakani.

Fleti inamfaa mwenye mshahara unaoonekana, familia ndogo, mjane anayeogopa kukaa peke yake kwenye nyumba yenye uwani mrefu, na mwenye ulemavu ikiwa lifti ni ya kweli. Haimfai mwenye kipato kinachopanda na kushuka, kwa sababu ada ya huduma haishuki.

Kwa hali yako

Kama nyote wawili mnafanya kazi katikati ya jiji na watoto ni wadogo, anza kutafuta kwa kufuata njia ya mwendokasi, kisha ndani ya njia hiyo chagua kati ya uswahilini na fleti kwa kadiri ya mshahara. Kiwanja kinaweza kungoja, au nunua kidogo kwa awamu ukijua kwamba hutahamia karibuni na lile sharti la miezi 36 unalo kichwani.

Kama nyumbani kuna mzee au mtu mwenye ulemavu, mpeleke yeye akaone, siyo picha. Pimeni mita 100 za mwisho kwa kiti chake au fimbo yake. Nyumba ya uswahilini iliyo mbele, kando ya barabara ya lami, mara nyingi inazishinda ile ya uchochoroni na ile ya pembezoni.

Kama fedha ni ya kiinua mgongo na hairudi tena, weka karatasi mbele ya kila kitu. Hapo kiwanja chenye hati safi au fleti iliyosajiliwa vinatangulia, na uswahilini subiri hati itoke ndipo ulipe.

Kama riziki yako ni baraza, usihamie mahali pasipo na wapita njia, hata ukipewa bure.

Na kama mko kundi, ndugu watano au wanakikundi wa kukopeshana, iko njia ya nne ambayo watu hawaiulizii: kununua nyumba moja kuukuu mjini, kuivunja na kupanda juu kidogo, ghorofa mbili tatu, kwa kibali na kwa hati za sehemu. Inahitaji mwanasheria na uvumilivu wa kuvumiliana. Nimeona ndugu wakiifanikisha, nimeona na waliogombana kabla ya linta.

Mdogo wangu hajaamua. Fleti ameshaitoa mezani kwa sababu ya mkopo. Tandale amepata nyingine, iko mbele barabarani, vyumba vitatu badala ya vinne. Jumamosi ya kwanza mvua za masika zikianza wanakwenda Buyuni, kwa daladala, saa kumi na moja alfajiri kama siku ya kazi, na mama amesema naye anapanda.